Kadi ya Kumbukumbu Inapogoma: Namna ya Kuokoa Picha na Kulinda Ushahidi



Tuchukue mfano wa kijana mpiga picha wa Gitega. Jumamosi nzima amekuwa arusini. Amepiga picha za wazazi wakipokea posa, za bibi harusi akivalishwa, na za nyanya aliyeletwa kutoka kijijini ili wajukuu wapate angalau picha moja ya kukaa naye. Usiku anaketi, anaichomeka kadi katika kompyuta, na badala ya picha anaona maneno yasemayo kwamba kadi haisomeki na kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Chini ya maneno hayo kuna vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa.

Tuchukue na mfano wa pili. Asubuhi, kwenye mteremko unaoelekea mjini, gari limemgonga mwendesha pikipiki na kutoweka. Mpita njia mmoja amewahi kupiga picha ya namba ya gari kwa simu yake. Katika purukushani simu inaanguka, na inapowashwa tena inasema kwamba hakuna kadi ndani yake.

Watu hawa wawili wana tatizo moja, ila wanachopoteza ni tofauti. Wa kwanza anaweza kupoteza heshima ya kazi yake na kumbukumbu ya familia isiyoweza kurudiwa. Wa pili ameshika ushahidi ambao majeruhi anauhitaji ili apate haki. Wote wawili, katika dakika chache zijazo, wanaweza kuokoa picha hizo au kuziangamiza kwa mikono yao wenyewe. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya dakika hizo. Tumeyaandika kwa Kiswahili, lugha iliyopewa hadhi ya kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, nayo husikika kila siku katika sehemu zetu za Nyarugenge, hasa Biryogo na Nyamirambo.

KADI NI NINI, NA KWA NINI HUGOMA

Kadi ya kumbukumbu, ambayo mitaani huitwa memori kadi, haina sehemu yoyote inayozunguka. Ndani yake mna vyumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, ambamo chaji ya umeme hufungiwa, na kiasi cha chaji hiyo ndicho kinachowakilisha picha. Aina hii ya kumbukumbu ilibuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi Toshiba katika miaka ya 1980. Mwaka 1999 kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba zilitangaza kwa pamoja kadi ya SD, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika kamera za leo. Dada yake mdogo, microSD, ana urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11 tu, naye ndiye anayekaa ndani ya simu.

Pamoja na vyumba hivyo, kila kadi ina kidhibiti, yaani ubongo mdogo unaoamua data iandikwe wapi. Tena ina jedwali la faili, ambalo tunaweza kulifananisha na yaliyomo katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Jedwali huiambia kamera kwamba picha fulani imeanzia mahali fulani na kuishia mahali fulani. Mfano huu wa kitabu tuuweke akilini, kwa sababu utatusaidia kuelewa karibu kila kitu kinachofuata.

Hitilafu iliyo ya kawaida ni ya jedwali kuharibika huku kurasa zenyewe zikiwa salama. Hutokea mtu anapochomoa kadi wakati kamera bado inaandika, au betri inapokwisha katikati ya kazi. Taa ndogo inayomweta pembeni mwa kamera ina maana yake: inasema subiri, bado naandika. Asiyesubiri hukata sentensi katikati, na jedwali hubaki na habari nusu nusu.

Hitilafu ya pili ni ya mguso. Vipande vya rangi ya dhahabu vilivyo nyuma ya kadi hushika vumbi na mafuta ya vidole. Wakati wa impeshyi, vumbi la barabarani linapopanda, na wakati wa itumba, unyevu unapoingia hata mifukoni, kadi nzima isiyo na kasoro inaweza kuonekana kama imekufa kwa sababu tu vipande hivyo havigusani vizuri na kifaa.

Hitilafu ya tatu ni ya uchakavu. Kila chumba cha kumbukumbu huvumilia kuandikwa na kufutwa kwa idadi ya mara yenye kikomo, kisha huchoka. Kidhibiti hujitahidi kugawa kazi ili vyumba vyote vichoke kwa usawa, lakini mwisho hufika. Kamera zinazofungwa ndani ya magari huchosha kadi upesi zaidi, kwa kuwa huandika mfululizo na kufuta zile za zamani ili kupata nafasi. Madereva wanaotumia kamera hizo wanunue kadi zilizotengenezwa kwa kazi ya kurekodi bila kukoma.

Hitilafu ya nne siyo hitilafu kamwe, bali ni kutopatana kwa vifaa. Kadi za SDHC hufikia gigabaiti 32, na zile za SDXC huanzia juu ya hapo. Kamera ya zamani iliyotengenezwa kabla ya SDXC inaweza kuikataa kadi ya gigabaiti 64 na kuomba kuifomati, ingawa kadi ni nzima na ina picha. Vivyo hivyo, baadhi ya simu za Android humruhusu mwenye simu kuifanya kadi kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani. Kadi ya namna hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya simu hiyo peke yake. Ukiihamishia kwenye simu nyingine haitasomeka, na ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani ufunguo utapotea pamoja na picha zako.

La tano na la mwisho ni kadi kuvunjika au kidhibiti chake kuungua. Hapo hakuna programu ya nyumbani itakayosaidia, na kazi hubaki ya mafundi wenye vyombo maalumu.

SAA YA KWANZA

Kanuni ya kwanza ni fupi: acha. Usipige picha nyingine hata moja kwa kadi hiyo. Tukirudi kwenye mfano wetu wa kitabu, unapofuta picha, mara nyingi kinachofutwa ni mstari wake katika yaliyomo. Ukurasa wenyewe bado umeandikwa, ila sasa kamera inauhesabu kuwa ni nafasi wazi. Kufomati kwa haraka nako mara nyingi huandika upya yaliyomo tu. Lakini picha mpya ikiandikwa juu ya ukurasa ule, ya zamani haitarudi kamwe. Ndiyo maana picha moja ya kujaribu kama kadi imepona inaweza kuwa ndiyo iliyoizika picha ya nyanya.

Kanuni ya pili: kompyuta ikikuuliza kama ifomati, kataa. Vilevile usikubali inapojitolea kurekebisha kadi, kwa maana marekebisho hayo huandika ndani ya kadi na huweza kuvunjavunja faili ambazo zingeokolewa.

Kanuni ya tatu: funga kadi isiandikwe. Kadi kubwa ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni, ukikishusha vifaa huacha kuandika. MicroSD haina kiswichi, lakini ukiitia ndani ya adapta yenye kiswichi utapata kinga ileile. Tukumbushe tu kwamba kiswichi hiki ni ishara ya kukiomba kifaa kisiandike. Hakifungi kumbukumbu yenyewe, kwa hiyo tahadhari nyingine zibaki palepale.

Kanuni ya nne: chunguza mguso. Futa vipande vya dhahabu kwa kitambaa kikavu na laini, kisha jaribu kisoma-kadi kingine, waya mwingine, na kompyuta nyingine. Mara nyingi aliyekuwa mgonjwa ni kisoma-kadi. Simu ikiwa imeanguka majini, izime, toa kadi, ifute, iache ikauke kabisa mahali penye hewa, mbali na jua kali na moto, kabla ya kuijaribu.

KUOKOA PICHA

Baada ya utulivu kurudi, kazi ya kuokoa hufuata hatua tatu. Kwanza hutengenezwa nakala kamili ya kadi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na nafasi zinazoonekana tupu, na nakala hiyo huhifadhiwa katika diski ya kompyuta. Kuanzia hapo kadi huwekwa pembeni. Jaribio lolote likiharibika, litakuwa limeharibu nakala, na asili itakuwa salama.

Pili, programu ya uokoaji huelekezwa kwenye nakala ile. Mojawapo inayojulikana sana ni PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, nayo hutolewa bure. Programu ya aina hii hailitegemei jedwali lililoharibika. Husoma kurasa moja baada ya nyingine ikitafuta alama za mwanzo wa picha, kwa kuwa kila aina ya faili huanza kwa alama zake. Kwa sababu hiyo picha hurudi bila majina yake ya awali, na mwenyewe atalazimika kuzipanga upya. Video ndefu huokoka kwa shida zaidi kuliko picha, kwani vipande vyake huweza kuwa vimetawanyika.

Tatu, picha zinazopatikana zihifadhiwe mahali pengine, kamwe si ndani ya kadi ileile. Anayezirudisha katika kadi inayookolewa anajaza shimo kwa udongo anaoutoa humohumo.

PICHA IKIWA NI USHAHIDI

Hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa makini zaidi. Yote tuliyoyaeleza kuhusu programu na majaribio ni ya picha za familia na za kazi. Kadi yenye picha ya ajali, wizi, kipigo au kosa lolote isijaribiwe kuokolewa nyumbani, wala isipelekwe kwa fundi wa mtaani. Picha ya ushahidi haitoshi kuonekana tu, ni lazima pia iweze kuaminiwa. Mbele ya mahakama huulizwa imetoka wapi, nani ameishika, na kama kuna mkono ulioibadilisha. Fundi mwenye nia njema anaweza kuipata picha na wakati huohuo kuacha maswali yasiyo na majibu.

Ukiwa na kadi au simu ya namna hiyo, izime na usiifungue tena. Kadi iliyotolewa itie katika bahasha safi ya karatasi. Andika juu yake tarehe, saa, mahali picha ilipopigwa, jina la aliyepiga na jina la kila aliyeishika baada yake. Kisha iwasilishe kwenye kituo cha karibu cha Taasisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ambayo ndiyo yenye jukumu la upelelezi wa makosa ya jinai, au kwa polisi waliofika kwenye tukio. Omba maandishi ya kuthibitisha kwamba umekabidhi. Uchunguzi wa kitaalamu wa vifaa vya kidijitali una watu wake, na nchi yetu ina Taasisi ya Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai ya Rwanda, RFI, iliyoko Kigali.

Mambo matatu huwaponyoka wananchi wengi. La kwanza ni kutuma picha kwa WhatsApp kisha kufuta ile ya asili. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na maelezo yaliyofichwa ndani yake, kama saa na aina ya kamera, huondolewa. Tuma nakala ukitaka, lakini asili ibaki ilipo. La pili ni saa ya kamera. Betri ikikaa nje muda mrefu, kamera nyingi husahau tarehe, na picha ya leo ikaandikwa kwamba ni ya miaka mingi iliyopita. Rekebisha saa kila unapobadilisha betri. Na ukigundua baada ya tukio kwamba saa ilikuwa na makosa, usiirekebishe kwa siri. Sema hivyo kwa mpelelezi. La tatu linawahusu wenye kamera za magari: baada ya ajali, toa kadi mapema mara gari linapokuwa limesimama salama, la sivyo kamera itaendelea kuandika hadi ifute yale yale unayoyahitaji.

Tena, mtu akikutisha ufute picha ya kosa na ukafuta kwa kuhofia usalama wako, hujafanya kosa. Toka mahali hapo kwanza. Acha kuitumia simu au kamera hiyo, kisha toa taarifa. Kama tulivyoeleza, kilichofutwa huenda bado kipo.

NANI UNAMKABIDHI KADI YAKO

Kadi ndogo kama ukucha hubeba nyumba nzima: sura za watoto, picha ya kitambulisho, barua za benki, na mambo ya faragha ya mke na mume. Unapomkabidhi fundi, unamkabidhi yote hayo. Mchague mwenye duka linalojulikana, andikianeni ni kazi gani inafanyika, kaa karibu kama inawezekana, na umwombe afute nakala aliyobaki nayo baada ya kazi. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inalinda taarifa binafsi na faragha ya mtu, na sheria namba 60/2018 ya tarehe 22/8/2018 inaadhibu makosa ya mtandaoni, likiwemo la kuingia bila ruhusa katika data za kompyuta za mwingine. Mtu akikutishia kusambaza picha zako ili umpe fedha au chochote kingine, usilipe, usifute ujumbe wake, na utoe taarifa upesi. Aibu ni ya mtishaji.

Vivyo hivyo kwa aliyeokota kadi. Ipeleke kwa kiongozi wa umudugudu au kwenye kituo cha polisi. Kuitangaza picha moja mtandaoni ili kumtafuta mwenyewe kunaweza kumdhuru zaidi kuliko kuipoteza. Na anayeuza kamera au simu ya zamani abaki na kadi yake, kwa maana tumekwisha kuona kwamba kufuta si kuteketeza.

KADI ZA BANDIA

Baadhi ya kadi zinazouzwa kwa bei ya kushangaza ni za udanganyifu. Kidhibiti chake kimebadilishwa ili kiseme kina gigabaiti 256 ilhali kumbukumbu halisi ni ndogo mno. Mwanzoni kila kitu huenda sawa. Nafasi ya kweli inapojaa, kadi huendelea kupokea picha na kuonyesha majina yake, lakini picha zenyewe hazifunguki, kwa kuwa hazikuandikwa popote au zimeandikwa juu ya zile za kwanza. Ndiyo maana udanganyifu huu hugundulika siku ya kazi kubwa, tena kazi ikiwa imekwisha.

Kinga ni kununua dukani na kudai risiti, kisha kuijaribu kadi kabla ya kuiamini. Programu za bure kama H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa Linux na Mac, huijaza kadi yote na kuisoma tena ili kuona kama ni ya ukubwa uliodaiwa. Jaribio hili lifanywe kwa kadi mpya isiyo na kitu. Ukidanganywa, shika kadi, kifungashio na risiti, na utoe taarifa.

KINGA

Anayepiga picha kwa malipo asiweke arusi nzima katika kadi moja. Kadi mbili za ukubwa wa wastani ni salama kuliko moja kubwa, na kamera zenye nafasi mbili huweza kuandika picha ileile katika kadi zote mbili. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, baada ya kuhakikisha picha zimekwisha kuhamishwa na zinafunguka. Zima kamera kabla ya kutoa kadi. Itunze kadi katika kikasha chake, usiitie katika mfuko wenye funguo na sarafu. Kadi iliyogoma mara moja bila sababu inayoeleweka istaafishwe.

Kisha nakala. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni rahisi: nakala tatu, katika vihifadhi vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Kwa familia ya Gitega hii inaweza kuwa simu, diski ndogo iliyo nyumbani, na nakala nyingine kwa ndugu anayeishi wilaya nyingine au katika hifadhi ya mtandaoni. Kadi yenyewe haifai kuwa ghala la miaka. Chaji iliyofungiwa katika vyumba vyake huvuja polepole kadi ikikaa bila kutumika, na picha hufifia bila mtu kujua.

Sisi Wanyarwanda tunaijua thamani ya picha moja iliyobaki. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambamo picha zilizotolewa na familia zimepangwa safu kwa safu, na baadhi ya familia hazikuwa na picha nyingine ya mpendwa wao. Picha zile ni za karatasi, nazo zimetufikia. Tunazopiga leo ni nyingi kuliko za wazee wetu, lakini zinaning'inia katika uzi mwembamba zaidi. Basi kila familia ichague chache zilizo za thamani na kuzichapisha.

Kwa mpiga picha tuliyeanza naye usiku ule, jibu ni kitufe cha kukataa, kadi kuwekwa pembeni, na kazi kuanza asubuhi akiwa ametulia. Kwa mpita njia aliyepiga picha ya namba ya gari, jibu ni bahasha, kalamu, na safari fupi kwenda kituoni. Aliyegongwa anaitegemea safari hiyo.

Tunawaomba viongozi wa vijiji wayafikishe mafunzo haya kwa wananchi katika mazungumzo yanayofuata umuganda. Kwa dharura, piga polisi namba 112. Kwa kutoa taarifa ya kosa la jinai kwa RIB, piga 166. Namba zote mbili hazitozi malipo.